Programu Zilizochakachuliwa: Bili Hulipwa Hapahapa Tabora

Ingia steshenari nyingi za Tabora mjini na utakuta mambo yanakwenda: Windows inawaka, Word inafunguka, Photoshop ipo, picha za paspoti zinatoka. Mara nyingi mwenye duka hajawahi kuwalipa watengenezaji wa programu hizo hata senti. Aliyelipwa ni fundi aliyempigia Windows, elfu kumi au kumi na tano, na "programu zote muhimu" zikaja kwenye flashi hiyohiyo.

Watu wakibishana juu ya jambo hili hugawanyika. Wapo wanaosema wizi ni wizi. Wapo wanaosema kampuni za Marekani ni tajiri, hazitafilisika kwa ajili ya kibanda kimoja cha Isevya hapa mjini. Wa pili wana hoja: hazitafilisika. Lakini gharama ya programu haipotei kwa sababu mtu mmoja amekwepa kuilipa. Inahamia kwa wengine, na ukiifuatilia utaikuta kwa mteja aliyekuja kuprinti CV, kwa mkulima wa tumbaku ambaye hesabu zake ziko kwenye kompyuta ya chama cha msingi cha ushirika, na kwa kijana wa hapahapa aliyeandika programu nzuri ikakosa mnunuzi.

Windows "inavyokubali"

Anayenunua programu hanunui faili, kwa sababu faili hunakiliwa mara elfu bila kupungua. Ananunua leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti: mashine ngapi, kazi gani, muda gani. Ndiyo maana uharamia, yaani kutumia programu nje ya leseni yake, una sura nyingi. Yupo aliyenunua nakala moja halali akaisambaza kwenye kompyuta sita za ofisi. Yupo anayetumia toleo la wanafunzi kutengenezea kadi za harusi za biashara. Yupo aliyenunua ufunguo mtandaoni kwa dola kumi akidhani amepata punguzo, kumbe ni ufunguo wa taasisi fulani uliovuja. Microsoft ikiugundua inauzima, na yeye hana wa kumdai. Halafu ipo kraki, programu ndogo inayoidanganya programu kubwa kwamba leseni ipo. Hiyo ndiyo iliyotawala huku kwetu, kwa hiyo tuitazame kwa karibu.

Kampuni yenye mamia ya kompyuta haiwezi kuingiza funguo mojamoja. Microsoft iliweka utaratibu unaoitwa KMS: kompyuta moja ya ofisi inakuwa msimamizi, na nyingine zote zinaiomba ruhusa kupitia mtandao wa ndani. Kwa Windows za kawaida, msimamizi halali hatoi ruhusa mpaka kompyuta 25 ziwe zimeomba. Akitoa, ruhusa hudumu siku 180, na kila baada ya siku 7 mashine hujaribu kuihuisha. Kraki za aina ya KMS huanzisha msimamizi bandia ndani ya kompyuta yenyewe. Windows inaomba, bandia anajibu, kazi inaendelea.

Ili mchezo huo usikamatwe, maelekezo ya kraki huanza na agizo moja: zima antivirasi kwanza. Kisha kraki hujiandikisha kwenye orodha ya vitu ambavyo Windows Defender, antivirasi ya Windows yenyewe, haitavikagua, na huacha nyuma kazi inayojiwasha yenyewe ili kuhuisha zile siku 180. Hapa ndipo hatari ilipo. Mwenye kompyuta amempa mtu asiyemjua mamlaka yote ya mashine, amemwondoa mlinzi, na ameruhusu programu ya mtu huyo ijiwashe bila kumuuliza. Hata kraki yenyewe ikiwa haina kirusi, ulinzi umeshavunjwa. Na kuipata isiyo na kirusi ni bahati nasibu: Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi visakinishi vya KMSPico, kraki mojawapo ya aina ya KMS, vilivyokuwa vikizagaa mtandaoni vilivyobeba Cryptbot, programu inayokomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kuzipeleka kwa mwizi.

Kuikagua kompyuta yako ni kazi ya dakika moja. Fungua Command Prompt, andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Ukijibiwa "Volume activation will expire" pamoja na tarehe isiyovuka siku 180, na kompyuta hiyo si ya taasisi yenye mtandao wake, hiyo ni KMS ya kuchakachua. Amri ya slmgr /dlv inaeleza zaidi: OEM_DM maana yake leseni ilitoka kiwandani na mashine, RETAIL ni ya dukani, VOLUME_KMSCLIENT ni ya mfumo wa taasisi. Jibu la "permanently activated" linatia moyo ingawa halitoshi, kwa kuwa ziko kraki za namna nyingine zinazopata hata hilo kwa hila.

Bei ni kikwazo cha kweli

Haitakuwa haki kuwalaumu watu bila kupiga hesabu. Windows 11 Home inauzwa Marekani dola 139, na Office Home 2024 ilipotoka iliuzwa dola 150 kasoro senti. Jumla ni dola 289, ambazo kwa kukadiria shilingi 2,500 kwa dola ni zaidi ya laki saba. Kima cha chini cha mshahara serikalini, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni shilingi 500,000. Kwa hiyo mtumishi wa ngazi ya chini angefanya kazi karibu mwezi mmoja na nusu, bila kula, ili apate haki ya kuandika barua. Ongeza kwamba malipo mengi yanataka kadi ya benki, na duka lenye leseni halali lililo karibu huenda likawa safari ya treni nzima kutoka hapa.

Kwa hiyo tarakimu za kimataifa zisomwe kwa uangalifu. Muungano wa kampuni za programu, BSA, katika ripoti yake ya 2018 ulikadiria kwamba asilimia 37 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta duniani mwaka 2017 hazikuwa na leseni, na thamani yake ikawa dola bilioni 46.3. Kwa Mashariki ya Kati na Afrika kwa pamoja kiwango kilikuwa asilimia 56. Zamani BSA waliita thamani hiyo hasara. Baada ya kukosolewa na wachumi wakaanza kuiita thamani ya kibiashara. Wachumi walikuwa sahihi. Mwanafunzi wa Tabora mwenye Photoshop ya kraki hakuwa anakwenda kuinunua, angeikosa tu. Kuhesabu kila nakala kama mauzo yaliyopotea ni kuongeza chumvi.

Lipo hata la kushangaza zaidi: uharamia umewanufaisha wakubwa. Mwaka 1998 Bill Gates, akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, alisema wazi kuhusu China kwamba kama watu wataiba programu basi ni afadhali waibe za Microsoft, kwa kuwa wataizoea na siku moja kampuni itajua namna ya kukusanya fedha zake. Uchumi wake ni rahisi. Thamani ya Word haitokani na Word pekee bali na ukweli kwamba kila mtu anaituma na kila mtu anaifungua. Kila nakala ya kraki iliyowekwa Tabora iliongeza idadi ya waliozoea Word na Excel, na mwajiri akaandika kwenye tangazo la kazi kwamba anataka ajuaye Word na Excel. Mji huu una Chuo cha Utumishi wa Umma kinachofundisha uhazili na una Chuo cha Ardhi. Vijana wanaotoka humo huenda kwenye soko ambalo majina ya programu yalishachaguliwa na wengine.

Faida ipo na isifichwe. Vijana wengi wa nchi hii walijifunza kuhariri picha, kupiga hesabu za biashara na hata kuandika programu kwa nakala zisizo na leseni. Bila hizo wengi wasingejifunza. Swali ni bei ya somo hilo, na nani analilipa.

Kraki inapogeuka

Chukua familia ya virusi inayoitwa STOP/Djvu, iliyoanza kuonekana 2018. Virusi vingi vya kudai fidia huwinda hospitali na makampuni. Hii huwinda watu wa kawaida, na chambo chake kikuu ni kraki. Kijana anatafuta kraki ya Photoshop au ya IDM (programu ya kupakulia mafaili), anapakua faili la zip lililofungwa kwa nywila. Nywila hiyo imewekwa makusudi ili antivirasi isiweze kuchungulia ndani. Anafungua, anabofya, hakuna kinachotokea. Anadhani kraki imegoma, anatafuta nyingine.

Wakati huo kazi imeshaanza. Kirusi hiki hakisimbi, yaani hakifungi kwa ufunguo wa siri, faili zima. Kinasimba takriban kilobaiti 150 za mwanzo, ndiyo maana kinamaliza diski haraka. Kwa barua ya Word au jedwali la Excel la kawaida, kilobaiti 150 ndiyo faili lote. Kwa video ya harusi ya gigabaiti mbili ni mwanzo tu, na ndiyo sababu baadhi ya video huweza kuokolewa hati zikiwa zimekwenda. Kila faili linaongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina. Nakala za akiba ambazo Windows hujitunzia zinafutwa. Faili la hosts linaandikwa upya ili kompyuta isifungue tovuti za msaada. Mwisho kila folda linabaki na _readme.txt: lipa dola 980, au dola 490 ukiwahi ndani ya saa 72. Zile leseni mbili halali zilikuwa dola 289.

Ikitokea, mpangilio wa hatua ndio unaoamua kama kuna kitakachopona. Chomoa intaneti na flashi zote mara moja. Usichomeke diski ya akiba kwenye mashine hiyo, nayo itasimbwa. Usikimbilie kuformati, fundi akiformati kwanza na kuuliza baadaye, matumaini yote yamefutwa. Tafuta folda la SystemID kwenye C na ulifungue faili la PersonalID: kitambulisho kinachoishia na t1 kinaashiria kwamba kirusi kilitumia ufunguo wa nje ya mtandao, ambao waathirika wengi huwa nao mmoja. Hao wana nafasi. Kampuni ya Emsisoft ilitoa Oktoba 2019 zana ya bure inayofungua matoleo ya zamani na baadhi ya yenye ufunguo wa aina hiyo. Waliosimbwa kwa ufunguo wa mtandaoni, ambao kila mmoja huwa na wake, wabaki na nakala ya mafaili yao wasubiri. Kwa sasa hakuna dawa, na anayedai kuifanya kazi hiyo kwa malipo huenda ni tapeli wa pili. Jambo la mwisho husahaulika na lina uzito kuliko yote: kirusi hiki mara nyingi huja na mwizi wa nywila, hivyo badilisha nywila zote ukitumia kifaa kingine.

Sasa liweke jambo hili mahali pake. Kompyuta ya steshenari si ya mtu mmoja. Hapo mhitimu anafungua akaunti yake ya Ajira Portal, mwanafunzi anajaza maombi ya mkopo wa Bodi, mwenye duka jirani anaingia mfumo wa TRA kwa TIN yake, na kivinjari kinauliza kama kihifadhi nywila. Anayebofya "ndiyo" kwa haraka ameiweka nywila yake mahali ambapo Cryptbot na wenzake hutazama kwanza. Mwenye steshenari alikwepa laki kadhaa. Wateja ndio walioweka rehani akaunti zao, na hakuna aliyewauliza.

Chama cha msingi cha ushirika kina hatari kubwa zaidi, kwa sababu taarifa zake hazipatikani kwingine. Kompyuta moja huweza kuwa na orodha ya wanachama, mbolea aliyokopeshwa kila mmoja, kilo zilizouzwa kwa kila daraja, makato na baki. Ikisimbwa katikati ya msimu wa masoko, kinachofuata ni kurudi kwenye stakabadhi za karatasi na kubishana na mkulima mmoja mmoja. Hapo kraki iliyowekwa mjini inalipwa na mtu wa Urambo au Kaliua ambaye hajawahi kushika kompyuta.

Kuna uharibifu mwingine wa polepole. Wengi wenye Windows ya kraki huzima masasisho wakiogopa kugunduliwa, na fundi huyazima kabisa ili bando la mteja lisiishe. Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilipoenea nchi zaidi ya 150, kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huohuo. Walioathirika walikuwa ambao hawakukiweka. Vivyo hivyo vile virusi vya flashi vinavyogeuza mafaili kuwa shortcut: havina ujanja wowote mpya, vinaishi kwa sababu vinakuta mashine zisizo na ulinzi, na vinazunguka kutoka steshenari hadi ofisi hadi shuleni.

Anayeumia zaidi hajulikani

Hasara kubwa ya kiuchumi ya uharamia kwa mji kama huu haimo katika vitabu vya Microsoft wala Adobe. Imo katika programu ambazo hazikuandikwa.

Mchukue kijana aliyemaliza chuo akaandika mfumo wa duka la dawa: bidhaa zilizopo, tarehe za kuisha muda, mauzo ya siku, deni la wateja. Anataka laki tatu na ada ndogo ya mwaka. Mwenye duka anashangaa. Kwa akili yake programu ni kitu cha elfu kumi, kwa sababu ndivyo alivyopata Windows na Office, kazi ya maelfu ya wahandisi. Uharamia umempimia bei, na kwa bei hiyo hakuna kijana wa Tabora anayeweza kuishi. Akifanikiwa kuuza, wiki ya pili folda la mfumo limenakiliwa kwenda duka la shemeji. Mtengenezaji anajihami kwa kuifunga programu kwenye namba ya diski ya mashine. Mwaka unaofuata diski inakufa, mteja halali anaweka mpya, mfumo unakataa kufunguka, ugomvi unaanza. Anayefuata anaamua kuuweka mfumo wote mtandaoni kwa malipo ya kila mwezi. Hakuna cha kunakili, lakini sasa mtandao ukikatika duka haliuzi. Adobe walifanya uamuzi wa namna hiyo 2013 walipotangaza kwamba hawatatoa tena matoleo mapya ya kudumu ya programu kama Photoshop na kuhamia malipo ya mwezi. Wateja wanaolalamikia malipo ya kila mwezi wajue kwamba kunakili ni mojawapo ya sababu zilizowafikisha hapo.

Mwathirika wa pili ni programu huria, yaani ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzikagua ndani na kuzirekebisha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia, ya majedwali na ya maonyesho, menyu zote kwa Kiswahili, bure, halali. Ilistahili kuenea kila shule. Haikuenea, na ingawa sababu ni zaidi ya moja, hii ni kubwa: silaha yake ilikuwa bei, na mtaani Word nayo ilikuwa bure. Programu huria hushinda pale ambapo mshindani wake anauzwa. Pale ambapo mshindani anaibwa, faida hiyo inafutika, na pamoja nayo inakosekana kazi ya kuifundisha, kuitafsiri na kuirekebisha, kazi ambazo zingefanywa na watu wa hapa.

Kwamba programu huria inaweza kuleta kazi hizo si ndoto. DHIS2, mfumo unaotumika kukusanya takwimu za vituo vya afya nchini, ni programu huria iliyoanzia mikononi mwa Chuo Kikuu cha Oslo, na Watanzania wamejenga ujuzi mkubwa wa kuiendesha na kuirekebisha. Ujuzi huo ni ajira. Kraki haijawahi kumpa mtu ajira ya namna hiyo, maana hakuna anayeweza kufungua ndani ya programu aliyoiba akajifunza ilivyojengwa.

Na fundi? Naye anapoteza. Kazi yake ya kweli ni kutambua diski inayokufa, kuokoa taarifa, kupanga mtandao wa ofisi. Imeshushwa ikawa kuchomeka flashi, kazi ambayo mtoto wa kidato cha pili anaiweza, na bei ikafuata.

Sheria inasemaje

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Sura ya 218, inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa maandishi yanayolindwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, inakataza kutumia mfumo wa kompyuta kukiuka haki za ubunifu: bila lengo la biashara, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, kwa biashara, faini isiyopungua milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 5, na mahakama inaweza kuamuru fidia juu yake. Mwenye steshenari yumo upande wa biashara. Wapo wanaotaja ile nafuu ya kulinda haki za ubunifu ambayo Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi zenye maendeleo duni hadi Julai 2034. Nafuu hiyo inahusu wajibu wa nchi kutunga sheria. Tanzania imeshatunga, na sheria yake inakushika leo.

Linalosahaulika zaidi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Chama, zahanati au shule iliyozima antivirasi ili kraki ifanye kazi itapata shida kueleza ilizilindaje taarifa za wanachama wake.

Kutoka humo bila kufilisika

Anza na kompyuta yenyewe, maana hapa kuna hasara ya kusikitisha. Laptop nyingi za mtumba zina leseni tayari. Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wakubwa huandika ufunguo ndani ya BIOS, programu ya msingi iliyo kwenye ubao wa kompyuta. Mashine iliyotoka kiwandani na Windows 10 Home halali inafika, fundi anaipiga Windows 10 Pro ya flashi pamoja na kraki, na mnunuzi anakuwa haramia juu ya mali aliyokwisha kuilipia. Fungua PowerShell, andika (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Zikitokea herufi 25, ufunguo upo. Hifadhi kazi zako, chukua flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, tengeneza kisakinishi kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, weka toleo lilelile la Home au Pro, kisha unganisha intaneti. Itajiaktiveti. Uhakika huu ni wa mashine zilizotoka na Windows 10 au 11. Funguo za Windows 7 na 8 Microsoft ilifunga mlango wake kwa matoleo mapya Septemba 2023.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo laptop nyingi za mtumba hazina. Kwa mashine hizo Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, toleo jepesi la Xfce, ni jibu la heshima: RAM ya gigabaiti 2 inaanza, 4 inatosha vizuri, diski gigabaiti 20. Iendeshe kwanza kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha na ujaribu vitu vitatu: Wi-Fi, kuprinti, kuskani. Mashine kubwa za kutoa kopi ndizo zinazosumbua. Baadhi hutaka programu ya mtengenezaji ili ziprinti. Ikigoma hapo, usilazimishe duka zima. Acha kompyuta moja yenye Windows halali kwa ajili ya kuprinti.

Kwa Word na Excel, programu huria ya LibreOffice inabeba kazi nyingi za steshenari, lakini ikiwekwa ovyo itakuaibisha mbele ya mteja. Tatizo la kwanza ni fonti. Mteja analeta CV ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa Calibri. Kompyuta haina Calibri, inachagua fonti pana zaidi, jedwali linaruka, CV inakuwa kurasa tatu, na LibreOffice inalaumiwa. Weka fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri. Caladea kwa Cambria. Liberation Serif kwa Times New Roman. La pili ni muundo wa kuhifadhia: ingia kwenye mipangilio ya kufungua na kuhifadhi, chagua docx iwe ya kawaida, la sivyo mteja ataondoka na faili la odt lisilofunguka vizuri kwingine. Majedwali ya Excel yenye makro nzito (amri zilizoandikwa ndani yake) hayatahamia salama, na kwa hayo usidanganyane na mtu.

Picha za paspoti na kadi zinawezekana kwa GIMP au kwa Photopea, inayofungua faili za Photoshop (PSD) ndani ya kivinjari. Video za harusi: DaVinci Resolve ya bure ni nzuri sana ila inataka kadi ya picha yenye nguvu, mashine dhaifu itumie Shotcut. Mwanafunzi wa upimaji asikimbilie kraki ya AutoCAD, programu ya michoro, maana Autodesk hutoa leseni ya bure kwa wanafunzi waliothibitishwa, na kwa ramani QGIS inatosha kazi nyingi kuanzia shule hadi ofisi. Anayechambua dodoso la tasnifu afungue faili lake la SPSS, programu ya takwimu inayouzwa, kwa PSPP au jamovi. Zote hizi zipakuliwe kutoka tovuti za wenyewe. Programu ya bure iliyopakuliwa kwenye tovuti ya kraki ni hatari ileile.

Na kwa chama cha msingi au duka linalotaka mfumo kutoka kwa mtengenezaji wa hapa, mkataba wa ukurasa mmoja unazuia ugomvi mwingi ulioelezwa juu. Uandike idadi ya mashine na nini kinatokea mashine ikifa, kwa mfano ufunguo mpya ndani ya saa 24 bila malipo. Uandike ada ya mwaka na inacholipia. Uandike kwamba taarifa ni mali ya chama, na kwamba mfumo uwe na kitufe cha kuzitoa zote kwa CSV (faili la jedwali linalofunguka kwenye Excel au LibreOffice) ili mtengenezaji akihama mji hesabu zisihame naye. Nakala hiyo itolewe kila Ijumaa kwenye diski mbili kwa zamu, moja ikae nje ya ofisi, na mara moja kwa mwezi mtu aifungue kwenye kompyuta nyingine aone kama kweli inasomeka.